Neno la Mzee Tietzen

Wanajeshi walipobisha mlango wao kule Doonside, Jumanne moja ya Agosti mwaka 2021, Chibalonza alikuwa anapiga pasi sare ya kazi. Aliwachungulia kupitia pazia. Walikuwa wawili, mvulana na msichana, na polisi mmoja nyuma yao, wote wamevaa barakoa, na msichana ameshika karatasi yenye majina. Hawakuja kwa ubaya. Redio ilikuwa imetangaza kwamba jeshi lingewasaidia polisi kuzunguka mitaa ya magharibi ya Sydney, kuhakikisha kwamba walioamriwa kukaa ndani wamekaa ndani, na kuwauliza kama wana chakula.

Mama yake hakuwa na habari na redio hiyo. Aliona nguo za madoadoa, basi. Aliacha sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, motoni, akamkamata Bénie, kitinda mimba wake wa miaka kumi na miwili, akajifungia naye bafuni.

"Chiba, usifungule!" alinong'ona kutoka kule ndani. "Ni basoda! Usifungule, mwanangu!"

Wakabisha tena. Chibalonza alisimama katikati ya sebule, pasi mkononi. Kichwa chake kilijua hakuna la kuogopa. Miguu yake haikujua. Baadaye alisikia viatu vikishuka ngazi, kisha yule msichana akicheka na jirani wa nyumba ya pili. Kumbe walikuwa wamekosea namba.

Mama alitoka bafuni baada ya nusu saa. Sombe ilikuwa imeungua. Bénie, ambaye Kiswahili alikielewa chote lakini alikijibu kwa Kiingereza, alisema wanajeshi wa hapa ni watu wazuri, hata shuleni waliwahi kuja kuwafundisha kupanda miti.

"Basoda bazuri," mama alisema, akikwangua sufuria. "Nilibaona wapi, miye?"

Kulikuwa na mlango mmoja huko Bukavu, wa mwaka 2004, ambao mama hakuwahi kuuzungumzia. Chibalonza alikuwa na miaka tisa wakati huo. Alichokumbuka ni kule kubisha tu.

Alikwenda kazini nywele zikinuka moshi wa sombe.

Nyumba ya wazee ilikuwa Toongabbie, vituo vitatu kwa treni. Mlangoni walimpima korona puani, wakampa aproni, barakoa na ngao ya plastiki ya uso. Tangu mwisho wa Juni wageni walikuwa hawaruhusiwi, na wazee waliwajua wahudumu wao kwa macho na sauti tu. Wengine walikuwa wamezoea. Wengine kila siku waliuliza kwa nini madaktari wamekuwa wengi hivi.

Katika chumba cha kumi na nne alikaa Mzee Volkmar Tietzen, Mjerumani wa miaka themanini na minane. Wafanyakazi wenzake walimwita Volkmar, kama ilivyo desturi ya nchi hii, hata mtoto humwita babu wa mtu kwa jina. Chibalonza ulimi wake ulikataa. Alimwita Mista Tietzen, na mzee alipenda, akasema kwamba maishani mwake waliomwita hivyo walikuwa mabawabu wa majumba ya maonyesho tu.

Maana mzee alikuwa mwigizaji. Siku ya kwanza Chibalonza alipomwogesha, mwaka mmoja na nusu kabla, mzee alimwuliza, "Unajua nimekufa mara ngapi?"

"Hapana, Mista Tietzen."

"Kumi na nne. Mara mbili niliuawa na mtu yule yule. Mara ya pili aliniomba radhi kwanza."

Alicheka mpaka akamwagikiwa maji. Chibalonza, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi na ambaye wakubwa wakimtania huangalia sakafu, alijikuta anacheka naye.

Kidogo kidogo mzee alimsimulia maisha yake, hasa wakati wa kunyolewa ndevu, kwa sababu alisema mwigizaji asiyeongea akiwa kwenye kiti cha kunyolewa hajatimia. Alizaliwa mtoto wa fundi saa katika mji mdogo kando ya mto Oder. Vita vilipokwisha, mji ulikuwa wa nchi nyingine na saa zote za baba yake zimechukuliwa. Alisomea uigizaji kwa njaa, akaajiriwa na majumba ya maonyesho ya miji midogo, msimu huu hapa, msimu ule kule. Alicheza filamu tisa. Katika saba kati ya hizo kazi yake ilikuwa kufungua mlango. Alikuwa mhudumu wa hoteli, au dereva, au bawabu.

"Nyota anapita, mimi nashika kitasa," alisema. "Ujerumani nzima hakuna aliyeshika kitasa kama mimi."

Mara moja tu alipata nafasi kubwa, majira ya baridi ya mwaka 1961, kwa maonyesho kumi na moja. Hakusema ilikuwa nafasi gani. Mwaka 1967 alihamia Sydney na mkewe Irmgard, mshonaji, na mtoto wao mchanga Heike. Mchana alichanganya rangi katika kiwanda kimoja cha Smithfield. Jumamosi aliigiza kwenye klabu ya Wajerumani. Na kila televisheni ilipohitaji afisa wa Kijerumani wa kupigwa risasi, simu yake ililia.

"Australia iliniuliza swali moja tu," alisema. "Unaweza kuanguka?"

Ukutani kulikuwa na picha yake akiwa kijana, amevaa kofia ya bawabu, ameshika kitasa. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kumtambua.

Heike sasa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, akiishi Toowoomba, jimbo la Queensland, na mpaka ulikuwa umefungwa. Lakini hata kabla ya korona alikuja Krismasi tu. Kila Jumapili alipiga simu ya video, dakika kumi, na Chibalonza alishika tableti mbele ya kitanda. Baba na binti waliulizana hali ya hewa. Walizungumza kama watu wawili wanaosubiri basi moja.

Julai mzee aliugua mapafu. Haikuwa korona, lakini ilimwacha mifupa mitupu. Daktari alisema ni suala la wiki. Utani wake ulikwisha, kisha majina ya watu, kisha hamu ya chakula. Siku nyingi alilala akitazama dari bila kusema lolote.

Ndipo jioni ile ile ya Jumanne ya wanajeshi, saa moja na nusu, Chibalonza akimfuta midomo, mzee alifumbua macho. Akainua kichwa. Sauti iliyotoka haikuwa ya mgonjwa.

"Ndugu yangu alibisha mara tatu," alisema kwa Kiingereza safi. "Nilihesabu. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Nikasema, akibisha mara ya nne, nitafungua. Hakubisha. Asubuhi kulikuwa na theluji, na viatu vyake vimesimama mlangoni, kama vya mtu aliyeingia ndani kulala."

Machozi yalimtiririka mpaka masikioni. Akamshika Chibalonza kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo hakujua mzee bado anazo.

"Mwambie mwanangu. Mwambie nilisikia."

Mzee akarudi kwenye mto, akalala.

Jumatano, saa ile ile, maneno yale yale. Alhamisi vilevile.

Alimwambia Peninah, nesi wa zamu, Mkenya wa makamo aliyewaongoza wahudumu wote wa jioni kwa sauti bila kuinuka kitini.

"Andika kwenye fomu kwamba mzee amelia, umalize," Peninah alisema. "Hayo mengine tuachie daktari."

"Lakini ni neno la mtu anayekata roho, dada. Ametaja mtoto wake."

"Chiba, huyu mzee ni mwigizaji. Hata chai akitaka, anaiitisha kama mfalme."

"Mtu akiwa pale alipo hadanganyi."

"Haki wewe umetoka wapi?" Peninah alicheka. "Kwetu watu wanadanganya mpaka ndani ya jeneza. Sikiliza, nakwambia kama dadako mkubwa. Usijiingize kwa mambo ya familia za watu. Utaniletea kesi hapa."

Lakini Chibalonza alikuwa ametoka mahali ambapo mambo haya yana utaratibu wake. Babu yake kule Walungu, siku alipokuwa anakata roho, wanawe wote walikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni mama mmoja jirani, aliyemletea uji. Babu alimwambia mama yule kwamba miaka thelathini iliyopita alihamisha mpaka wa shamba la mdogo wake usiku. Mama yule hakuwa na ukoo nao hata kidogo. Alitembea siku mbili na mtoto mgongoni kwenda kulitoa neno lile, kwa sababu yeye ndiye aliyelisikia. Aliwaketisha wana, akawaomba wamsamehe baba yao, akalitoa, kisha akarudi na jibu mpaka kaburini na kulisema kwa sauti.

Ijumaa alimweleza mama yake, wakichambua mchele mezani. Mama alisikiliza bila kuinua macho. Alipofika kwenye komeo, mikono ya mama ilisimama.

"Hakufungula," mama alisema.

"Hakufungua."

"Na ndugu yake iko inje."

"Ndiyo, mama."

Bénie aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akakirudisha.

"Mtoto yake anajua?"

"Sidhani."

"Basi njo weye alituma," mama alisema. "Usimuache muzee aende na ile kitu. Umwambie mtoto. Ile mambo inaliaka ndani ya mutu mpaka..." Hakumaliza. Aliinuka, akaenda kuosha mchele uliokuwa haujachambuliwa.

Jumapili, simu ya Heike ilipoingia, mzee alikuwa amelala. Chibalonza alitoka na tableti hadi kwenye korido, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa hajawahi kumwambia Heike neno zaidi ya habari za mchana.

"Bi Heike, umeketi?"

"Amekufa?" Heike aliuliza. Nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe nusu, na nyuma yake palionekana jiko lenye sufuria zinazoning'inia.

"Hapana. Yuko hai. Naomba uketi."

Heike aliketi.

"Baba yako ana neno lako," Chibalonza alisema, kama alivyofundishwa kwamba husemwa. "Alinipa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Mimi si mtu wa familia yenu. Kabla sijalitoa, nakuomba kwa niaba yake umsamehe."

Kwenye kioo, Heike aliweka mkono kifuani.

"Amesema hivyo? Ameomba?" Alivua miwani. "Subiri. Usiseme bado. Nimengoja miaka arobaini, ngoja nivute pumzi." Alifuta macho kwa kitambaa cha jikoni. "Haya. Sema."

Chibalonza akalisema lote, hakuongeza wala kupunguza. Kubisha mara tatu. Komeo. Theluji. Alipofika kwenye viatu aliona uso wa Heike umebadilika. Haukuwa uso wa mtu anayelia tena.

"Kama vya mtu aliyeingia ndani kulala," Heike alimalizia mwenyewe.

"Ndiyo. Alikwambia?"

"Baba yangu hana ndugu, dada. Alizaliwa peke yake." Heike alivaa miwani polepole. "Hiyo ni tamthilia. Sehemu ya tatu, mtu amekwenda kuungama kwa kasisi na kumtuma kwa mwanawe. Ndiyo nafasi kubwa pekee aliyopata maishani, mwaka 1961. Aliitafsiri kwa Kiingereza akidhani Sydney wataitaka. Hawakuitaka. Nimeisikia utoto wangu wote ikitoka bafuni."

Chibalonza aliishusha tableti mapajani, akaiinua tena.

"Unajua mimi nilidhani atasema nini?" Sauti ya Heike ilianza kupanda. "Mama yangu alikufa Oktoba mwaka 1981. Nilikuwa na miaka kumi na minne, niko peke yangu naye hospitalini. Baba alikuwa Melbourne, kwenye filamu, anacheza afisa wa Kijerumani. Tulimpigia simu siku nne. Hakuja. Hilo ndilo neno langu. Hilo hajawahi kulisema, na wewe unakuja kuniketisha, unaniomba msamaha, unanipa theluji!"

Simu ikakatika.

Jumatatu meneja alimwita ofisini. Hakumfokea. Alisema binti wa mkazi amelalamika, kwamba mhudumu si mshauri wala kasisi, akampa barua ya onyo na kumhamishia upande wa pili wa jengo, kwa wazee wengine. Chibalonza aliitia sahihi. Alikwenda chooni, akavua ngao ya uso, akalia mpaka plastiki ikajaa ukungu alipoivaa tena.

"Nilikwambia ama sikukwambia?" Peninah alimkuta pale kwenye sinki. Kisha akamwona vizuri. "Haya, njoo. Njoo nikufunge aproni, umeifunga kama mzigo wa kuni."

Barua haikumuuma sana. Kilichomuuma ni ule mkono wa Heike kifuani. Mtu amengoja miaka arobaini kisima kitoe maji, na yeye alikuja na ndoo, akamwambia kinga mikono, akamwaga mchanga. Nyumbani hakumwambia mama. Mama alipouliza kama neno limefika, alijibu limefika, akaenda kulala na kiatu kimoja mguuni.

Alhamisi, saa kumi jioni, Peninah alimfuata upande wa pili.

"Huyo binti wa Volkmar yuko kwenye simu. Anataka yule msichana."

"Msichana gani?"

"Kwani tuko na wasichana wangapi wa kuketisha watu? Nenda. Nitasimama mlangoni. Meneja akiuliza, ni mimi nimekutuma."

Kule chumbani mzee alikuwa hajala siku tatu. Alikuwa amekonda mpaka pua imekuwa ndefu. Heike kwenye kioo alionekana kama mtu ambaye naye hajala.

"Samahani kwa barua," alisema. "Sikujua watakuandikia."

"Mimi ndiye wa kuomba samahani, Bi Heike."

"Wewe ulileta ulichopewa." Heike alisogea karibu na kioo. "Nataka kujaribu kitu. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakaa ukingoni mwa bafu na karatasi, nasoma maneno ya kasisi, yeye anajibu. Halafu klabu ya Wajerumani ikaonyesha tamthilia ile siku mbili, na mimi nikawekwa chini ya jukwaa, kumnong'oneza akisahau. Chochote nilichonong'ona, alikisema. Siku ya pili, kwa utundu, nilimnong'oneza 'nataka aiskrimu', akaitamka mbele ya watu mia moja, kwa huzuni kabisa, na mama mmoja akalia." Akatabasamu, tabasamu likakatika. "Sasa haongei na mtu. Lakini mistari anayo. Labda nikiingia kwa mlango ule atanijibu. Shika tableti karibu. Na uniambie uso wake unafanya nini, sioni vizuri huku."

Chibalonza aliinama kando ya kitanda. Peninah alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu," Heike alisema, kwa sauti nzito aliyoitengeneza, "kwa nini umekuja kanisani na viatu vya mtu mwingine?"

Mzee alifumbua macho. Shingo ikanyooka. Ilikuwa kama mtu amewasha taa ndani ya nyumba iliyohamwa.

"Ndugu yangu alibisha mara tatu," alisema, na akaendelea mpaka mwisho, na machozi yakashuka pale pale yanaposhuka siku zote, kwenye theluji.

"Na kwa nini hukufungua?" Heike akauliza.

"Kwa sababu nilikuwa na supu motoni, padri."

Chibalonza alishtuka. Alifikiria sombe. Kisha akagundua kwamba Heike amenyamaza muda mrefu kuliko kasisi anavyopaswa kunyamaza.

"Na Irmgard?" Heike alisema. Sauti nzito ilikuwa imekwisha. Hii ilikuwa yake. "Irmgard alikuwa hospitalini. Kwa nini hukuja?"

Mzee alikunja uso.

"Huo si mstari wako," alisema.

"Najua, baba. Ni wangu mwenyewe."

Macho ya mzee yalianza kutafuta. Yalipita dari, dirisha, picha ya ukutani, yakamfikia Chibalonza, yakakaa hapo. Alimtazama kama mtu aliyesimama jukwaani, ukumbi umejaa, na maneno yamemtoka. Midomo yake ilifunguka kidogo, tayari. Alikuwa anangoja kunong'onezwa.

Neno moja tu. Chibalonza alikuwa nalo ulimini. Sikio la mzee lilikuwa karibu na barakoa yake, na barakoa ilimficha mdomo. Heike asingeona chochote. Angesema, nisamehe, na mzee angelitamka, kwa sauti ile kubwa, vizuri kuliko mtu yeyote, na mwanamke yule wa Toowoomba angelipata alilongojea tangu ana miaka kumi na minne. Nani angeumia? Aliona mkono wa Heike umeanza kupanda tena kuelekea kifuani.

Lakini hilo lingekuwa neno la Chibalonza. Mara moja alikwisha kumpelekea yule mwanamke neno lisilo lake, kwa kutojua. Mara hii angekuwa anajua.

Alifunga mdomo. Alimtazama mzee na kutikisa kichwa, polepole, kumwonyesha kwamba hana la kumpa. Ilimuuma kama kumnyima mtu maji.

Mzee aliendelea kungoja. Kisha akayaondoa macho kwake.

"Mistari sita," alisema. Sauti haikuwa ile ya jukwaani. Ilikuwa kavu na ndogo. "Nilikuwa na mistari sita. Waliniahidi wa saba."

Peninah alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Ningeondoka, wangempa mwingine," mzee alisema, akafumba macho.

"Uso wake unafanya nini?" Heike aliuliza kwa pupa. "Niambie. Analia?"

Chibalonza alisogea, akaangalia vizuri. Alitamani sana kuona chozi. Aliangalia jicho moja, akaangalia la pili.

"Hapana," alisema. "Halii."

Heike alitoa pumzi ndefu. "Basi huyo ni yeye," alisema. "Akiigiza hulia."

Akajiinamia, na Chibalonza aliona utosi wake tu na sufuria zake. Alipoinua uso ulikuwa mwekundu.

"Kwenu, ukishaleta neno, unarudisha jibu?"

"Ndiyo. Aliyelileta ndiye anayelirudisha."

"Basi mwambie hivi akiamka. Mwambie sijamsamehe. Mwambie siku zile hospitalini nesi aliniuliza baba yako yuko wapi, na mimi nikasema yuko kazini. Nilimtetea. Mwambie nilimtetea kwa watu wale wote, na nimechoka." Alifuta pua. "Na mwambie nitapiga kesho."

Simu ilipozimika, Chibalonza alibaki ameshika tableti.

"Utamwambia hivyo hivyo?" Peninah aliuliza. "Mtu yuko mlangoni mwa kifo, umwambie hajasamehewa?"

"Hivyo hivyo, dada."

"Hata hutapunguza kidogo?"

"Natamani," Chibalonza alisema.

Peninah alimtazama, akatikisa kichwa, akavuta mlango na kuuacha wazi kidogo.

Chibalonza alileta kiti. Mzee alichukua karibu saa nzima kuamka, na muda wote huo alilipanga jibu kichwani, na kila mara lilijaribu kulainika lenyewe, na kila mara alilirudisha lilivyokuwa. Mzee alipofumbua macho, alimwuliza kama anamsikia. Mzee akaashiria ndiyo. Akamwambia, taratibu, kwa Kiingereza chake cha shule, neno kwa neno. Hajakusamehe. Nesi aliuliza. Alisema uko kazini. Alikutetea, na amechoka. Atapiga kesho.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Taya yake ilicheza, kama anatafuna kitu kigumu.

"Kazini," alisema.

"Ndivyo alivyowaambia, Mista Tietzen."

"Kumi na minne," mzee alisema, na haikuwa hesabu ya vifo vyake, kwa sababu alikitazama kiganja chake mwenyewe kana kwamba anapima kimo cha msichana aliyesimama pale. Baadaye akauliza, "Kesho saa ngapi?"

"Hakusema saa."

"Basi niinue."

"Ni kesho, Mista Tietzen. Leo bado Alhamisi."

"Niinue," mzee alisema tena.

Chibalonza akabonyeza kitufe, kitanda kikapanda kwa mlio wake wa polepole mpaka mzee akaketi wima. Akamwekea mito miwili ubavuni asianguke, akamchana nywele, akaiegemeza tableti mezani mbele yake, ikiwa imezimwa. Mzee aliweka mikono juu ya shuka na kukikazia macho kile kioo cheusi.